Kizibao cha Mifuko Saba

Nilikuwa bendera. Nakiri mapema,
kabla hujaniona na kizibao hiki ukadhani nilizaliwa nacho.
Mwaka wa mabega mapana nilipita milangoni kiubavu.
Mwaka wa rangi ya limau nilifanana na mgonjwa wa ini,
nikalipa, nikashukuru, nikaomba na mfuko wa karatasi.
Kabati langu hapa Łódź, ghorofa ya nne,
lilijaa nguo za wanawake nisiowajua.
Nguo ya kuazima haisitiri maungo, walisema wahenga;
hawakusema kwamba unaweza kuinunua,
ukaitunza risiti,
na bado ikawa ya kuazima.

Kisha tramu ya kumi na mbili, Novemba, theluji ya majimaji.
Naingia na koti la haradali, ukosi wa manyoya;
namkuta mwenzangu ameketi, koti la haradali, ukosi wa manyoya;
kituo cha sokoni akapanda wa tatu.
Tulitazamana
kama watu waliofumaniwa na uongo mmoja.
Hakuna aliyecheka. Yule wa tatu alifungua vifungo,
ingawa baridi ilikuwa ya kukata masikio.

Mimi ni fundi wa piano. Naingia nyumba za watu
na uma wa sauti, ufunguo, vipande vya felti,
napiga magoti, nasikiliza.
Miaka kumi na tisa nimesikiliza mbao za wengine
wala sijapata kuyauliza mabega yangu: ninyi mwataka nini?

Nikaanza na maswali madogo, ya kijinga kidogo.
Mkono wangu wa kulia, ukikosa kazi, hutafuta mfuko wapi?
(Ubavuni, juu kidogo ya kiuno. Hakuna koti langu lililokuwa nao hapo.)
Nikivaa rangi gani watu huniuliza habari zangu,
na rangi gani huniuliza bei?
Kwa nini Jumapili, pasipo shahidi,
navaa suruali ile ile ya buluu
aliyoisahau mume tuliyeachana?

Kwa Bwana Gniewomir mitumba huuzwa kwa kilo.
Jumatatu bei iko juu ya mnara,
Jumamosi anakaribia kukulipa uondoke nayo.
Nilingoja Jumamosi. Nikapekua hadi sakafuni:
kizibao cha sufu, cha mwanamume,
kahawia ya mkate uliokaribia kuungua,
bitana imechanika, kinanuka tumbaku.

Bi Wiesława, mwenye pini midomoni hata akisali,
alikipindua ndani nje.
"Mifuko mingapi?"
"Saba."
Nikamhesabia: uma, ufunguo, felti, chaki, miwani,
peremende za watoto wasiojua kunyamaza.
"Na wa saba?"
"Wa mkono tu. Usio na kazi."
Akatema pini moja. Nadhani alikuwa anacheka.

Mpwa wangu Kalina, muuzaji wa duka la mitindo, alikunja pua:
"Shangazi, umefanana na seremala."
Mwaka mzima nilifanana na seremala.
Nilijaribu kofia ya machungwa; kofia ilikuwa kosa,
nikaivaa hivyo hivyo mpaka Pasaka.

Juzi, dirishani kwenye duka lao: vizibao,
safu nzima, kahawia ya mkate.
Kalina akatoka mbio hadi barabarani:
"Shangazi! Uko kwenye fasheni!"
Niseme kweli, nilitaka kukivua pale pale kwenye theluji.
Badala yake niliingia,
nikaichomeka sanamu kidole kwenye mfuko wa ubavuni.
Umeshonwa.
Wa pili, umeshonwa.
Yote, midomo mitupu isiyo na matumbo.

Sikumwambia Kalina kitu. Saa tano nilikuwa na piano ya shule,
ile ambayo noti moja ya katikati hulia kama mbuzi.
Nikatembea hadi kituoni,
na mkono wa kulia ukajiendea wenyewe
mahali pake.