Kibanio

Baba alikichukua kibanio changu cha nywele,
chekundu, cha meno saba, jino moja limekatika.
Nikaenda shule nimefunga kichwa kwa uzi wa kushonea,
na mwalimu wa hesabu akaniuliza kama kwetu pana msiba.

Msiba ulikuwepo, lakini wa dari.

Ilikuwa Suwaiq, kimbunga kimeshapita.
Maji yaliingia mpaka kiunoni, yakatoka,
yakaacha tope kwenye droo ya vijiko,
na kule juu mbao za jasi zikavimba kama mandazi kaangoni.
Zikawa zinashuka moja moja, usiku. Pu.
Bibi anahesabu kitandani: ya nne hiyo.
Jasi ikilowa haina adabu;
skrubu inabaki juu peke yake, kichwa kinang'aa,
imeshikilia tundu.

Dari ile aliipiga Baba mwenyewe.
Waliomwita Fundi Nabhan
wakaanza kumwita Nabhan tu.

Delwar, msaidizi wake, mtu wa Silheti, akasema: tuongeze skrubu.
Baba akasema: kitu kimekukatalia mara kumi,
mara ya kumi na moja unakitoboa tu.
Akakaa na kibanio changu mbele ya taarifa ya habari,
anakifumbua, anakifumba,
ta, ta, ta,
mpaka Mama akaongeza sauti ya televisheni.
"Tazama, hakitoboi. Kinang'ata. Na ukitaka kiachie, kinaachia."
Mama akasema nywele za mtoto si nyumba.
"Ndiyo maana hazijaanguka," akasema Baba.

Cha kwanza alikikata kwenye ukanda wa chuma unaofungia matofali.
Kikamkata yeye kwanza, kidole gumba.
Cha pili, kopo la samli: laini mno, kikalegea kama ahadi ya kontrakta.
Cha tatu, springi ya kiti cha Datsun ya Ami Zahran,
ambaye mpaka leo anaendesha ameinama upande.
Cha nne kilikunjwa Sohar, kwa Ghulam Rasul mwenye mashine,
kwa riali tatu na sahani ya halua:
masikio mawili yanayopanda juu ya reli,
mdomo mmoja unaopokea ubao.
Unasukuma. Ta.
Hakuna drili, hakuna vumbi machoni.

Delwar alimaliza chumba cha Bibi
baina ya alasiri na magharibi, mbao kumi na sita.
Akashuka ngazi, akanawa, akauliza:
"Sasa utanilipa kwa siku au kwa dari?"
Baba alikuwa na michoro mingi.
Wa swali hilo hakuwa nao.

Kisha fomu ya kuombea hataza.
Nilikuwa na miaka kumi na sita na mwandiko mzuri.
Fomu ilitaka Kiarabu; Baba alizaliwa Wete,
na mikono yake haijapata kufikiri ila kwa Kiswahili.
"Andika: kinabana, hakibinyi.
Kinashika, hakikabi."
Nami na Kiarabu changu cha shule,
kalamu juu, natafuta maneno manne, ninalo moja.
Swali la saba: kipya ni nini hapa?
"Hakitoboi."
Hilo tu, Baba?
Akafikiri. "Ongeza: anaweza kukifungua mtu mmoja,
mzee, amesimama juu ya kiti."

Jibu lilikuja baada ya miezi kumi na minne.
Kitu kama hicho kipo, walisema, kwa heshima zote;
kimeandikishwa nchi nyingine, zamani,
na mchoro wake huu hapa.

Baba akaomba miwani.
Akautazama mchoro mpaka chai ikafanya utando.
Mimi nikatazama juu, nisimwone akilia.
"Masikio yake mafupi," akasema.
"Kiyoyozi kikitetemeka, yataachia."
Akaugeuza ule karatasi juu chini, akaurudisha sawa,
akapitisha kidole, taratibu, kwenye safu ya meno.
Akahesabu. Saba.
"Huyu naye," akasema,
"alikuwa na binti."