Moja Haikuonekana

Saa kumi jioni nikafunga mlango wa Darasa la Nne B,
nikamwambia askari, "Andika saa." Akaandika.
Ubaoni zilibaki hesabu zangu za Ijumaa:
kugawanya kwa baki.

Tukaunganisha madawati, tukawasha karabai ya kanisani,
maana umeme wa Mwamnange
unaishia kwenye godauni la tumbaku.
Kashindye alifungua karatasi, akaiinua,
akaitaja kwa sauti ya mnadani.
Mawakala watatu walikaa kama wakwe,
hakuna aliyegusa michembe ya mwenzake.
Mvua ya kwanza ilinukia kutoka upande wa Ugalla.
Kumbikumbi wakaingia dirishani,
wakaanguka juu ya kura za diwani, wakaacha mabawa,
nami nikapuliza, nikapuliza,
bawa lisije likahesabiwa kuwa alama.

Zilizotolewa: mia mbili themanini na saba.
Zilizomo sandukuni: mia mbili themanini na sita.

Tukarudia.
Tukarudia vishina, kimoja kimoja, kwa kidole chenye mate.
Tukalipindua sanduku, tukaligonga kitako.
Kashindye akavua koti lake mwenyewe,
akaling'uta kabla hajaambiwa;
zikadondoka njugu mbili na tiketi ya treni.
Saa sita usiku. Mia mbili themanini na sita.

Mihayo akasema, "Mwalimu, moja tu. Isogeze."
Na Tungu, ambaye tangu alfajiri
hajakubaliana naye hata juu ya kiti cha kukalia,
akasema, "Kwa hilo tuko pamoja. Isogeze."
Ni kweli mshindi alikuwa mbele kwa tisini.
Moja isingemnyanyua mtu wala kumwangusha.

Lakini miaka kumi na tisa
nimewatia wino mwekundu watoto wa watu
kwa moja waliyoiweka kichwani wakaisahau.

Sehemu ya maelezo kwenye fomu ni nyembamba kama ufa.
Nikaandika humo: *Moja haikuonekana.*
Nikasaini. Wakasaini wao,
wa mwisho Bi. Nsungi, baada ya kusoma yote mara mbili,
midomo ikicheza.
Gundi ilikuwa imekauka,
nakala ya mlangoni nikaibandika kwa ugali.
Halafu mifuko: zilizoharibika peke yake,
zisizotumika peke yake, vishina peke yake,
lakiri, namba ya lakiri, isome tena namba ya lakiri.
Tukaondoka kwa tela la trekta la chama cha msingi,
sanduku nimelipakata kama mgonjwa.

Kwenye kata, bwana mmoja mwenye macho ya usingizi akauliza,
"Mwalimu, kwa nini hukurekebisha?"
"Nimerekebisha," nikasema. "Ndiyo hiyo iliyoandikwa."

Siku ya tisa, saa ya uji wa watoto, akaja Kabula,
yule wa vitalu vya bondeni.
"Mwangaluka, mwalimu."
Akafungua fundo la khanga.
Karatasi, imekunjwa mara nne,
imeshika harufu ya tumbaku na sarafu.
"Zile nyingine nilizitumbukiza. Hii ikanishinda.
Mimi karatasi zote nilizowahi kupewa zinanidai:
mbolea, mkopo, michango ya shule.
Hii iliniuliza. Nikaona nikae nayo kidogo."

Kitabu cha maelekezo nilikipekua hadi jalada la nyuma.
Hakina ukurasa wa Kabula.

"Itahesabiwa?"
"Hapana, mama. Muda umepita."
"Wewe uliandikaje?"
"Kwamba haikuonekana."
Akafikiri. "Basi hukudanganya."

Sikuikunjua.
Niliitia kwenye bahasha, nikaandika namba ya kituo,
tarehe, jina lake, jina langu,
nikampa dereva wa trekta aipeleke Kaliua,
nikamtaka asaini kwamba ameipokea.
Alicheka, lakini alisaini.

Niliporudi, kuku wa mwalimu mkuu
alikuwa ameruka juu ya ndoo pale mlangoni,
anadonoa ugali kwenye pembe ya matokeo.
Nikamfukuza.
Hakuna aliyeniambia bado niyabandue.