Mwezi wa Kumi na Tisa

Dalali Kibwana hakuketi. Alipita sebuleni kama mgeni wa msiba,
hakutazama dari ya mninga wala mlango uliomgharimu mama ng'ombe,
akaenda moja kwa moja uani, akasukuma bati la bafu kwa kidole.
"Nyumba njema si mlango," alisema, "na wala si sebule.
Hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, hivi ilivyo, laki na nusu kwa mwezi.
Ukilitengeneza hili, laki mbili.
Ukitaka kuuza, ninyamaze, nisije nikakuvunjia heshima."

Usiku nikafungua daftari la mama, lile la madeni ya vitumbua.
Nyuma ya ukurasa alioandika *Mwanjaa, 1,200, ameahidi Ijumaa,*
nikapiga mstari kwa rula ya mwanangu.

Marumaru, maboksi kumi na mawili kwa elfu thelathini: laki tatu na sitini.
Simenti, mifuko mitano: themanini na tano.
Mchanga, kirikuu moja: hamsini.
Sinki la kuchuchumaa na tangi lake: laki na tano.
Mkono wa fundi Mhando: laki mbili na nusu, baada ya kuapa mara tatu.
Dharura: hamsini. Neno hilo niliandika kwa herufi ndogo,
kama mtu anayemwona nyoka usiku akamwita kamba.

Laki tisa. Gawa kwa hamsini ya nyongeza:
miezi kumi na minane bafu lijilipe lenyewe,
ndipo lianze kunilipa mimi.

Kaka yangu Shekue akapiga simu kutoka Handeni:
"Uza, tugawane. Choo cha nini kukivika koti?"
Nikamjibu, mnunuzi naye ana pua.

Siku ya pili Mhando akaniita.
Ukuta umeachama kama mdomo kwa daktari wa meno,
na ndani bomba la chuma, la tangu mkonge ulipokuwa dhahabu,
limeliwa na chumvi hadi limekuwa biskuti.
Nililibonyeza, likaniachia kutu kiganjani.
"Laki na nusu, dada. Ukifunika hivi hivi,
marumaru zitanicheka mimi, wewe zitakuliza."
Dharura ikatoa hamsini yake, ikabaki na njaa ya laki.

Ndipo nikajifunza kukata.
Marumaru ziishie begani, maboksi manne yarudi dukani,
juu ipande rangi ya mafuta, elfu ishirini.
Laki tisa tena. Nikapumua.

Mhando akashika nyundo. "Na hii?"

Koki ya chini, kimo cha goti, kwenye kona.
Mama aliiweka mwaka ambao goti lake liligoma;
akawa anatawadha ameketi kwenye kigoda,
nasi tukisikia maji kabla ya adhana.
Jiwe lake la kusugulia visigino bado lilikuwa pale, kavu.
"Haina kazi," fundi alisema, "inaharibu mpangilio."
Kweli, inaharibu.

Koki mpya, kumi na tano. Viungo na kipande cha bomba, kumi.
Kukata marumaru kuizunguka, ishirini na tano, Mhando hapunguzi.
Nikaandika chini ya mstari, jumla ikiwa imeshafungwa:
*Hamsini. Mwezi wa kumi na tisa.*
Shekue hakuambiwa.

Mpangaji alikuja Jumamosi, muuguzi,
na mtoto aliyetoka kuchezea mchanga wetu uliobaki.
Akagonga marumaru kwa kucha, akavuta maji, akasikiliza,
akanusa, ni haki yake.
"Na hii ya chini?"
Nilikuwa bado natafuta jibu la mwenye nyumba
mtoto alipochuchumaa, akaifungua,
akaweka mguu mmoja chini ya maji,
kisha wa pili.