Ukurasa wa Tisini na Tatu

Bi Shinuna hataki kulisikia neno "chapa".
Chapa, asema, hupigwa punda;
mie nina mkahawa.
Lakini wanawe wameshatia saini:
matawi sita, Barka hadi Salala,
nami nimelipwa nusu
ili mtu akiingia Sohar macho amefumba
ajue yupo kwa mama yao, al-Khoudh.

Nikaenda kupima. Nikaanza na ukuta.
Kijani gani hiki?
Mashine ikasoma mahali patatu, ikatoa namba tatu.
"Rangi ilitwishia," akasema, "tukachanganya
na iliyobaki ya mlango wa jirani,
yaliyosalia yamemalizwa na mafuta ya vitumbua."
Nikachagua namba ya katikati,
nikaiita Kijani Shinuna.
Akanitazama kama aliyeuziwa kivuli chake.

Ukurasa wa nne: nembo, kijiko na herufi shini.
Isipindwe, isivutwe, isiwekwe juu ya picha ya chakula.
Wa kumi na tisa: taa, na kimo chake juu ya sahani.
Wa arobaini, aproni.
Wa sitini na moja, maneno ya mhudumu:
"Karibu, starehe," kisha kwa Kiarabu, kisha tabasamu.
(Tabasamu sikulipima. Nilijaribu.)

Meza ya pembeni, ile ya chini ya feni,
tuliibeba wawili hadi kwenye pikapu.
Kitu kikabaki sakafuni, nikakipiga teke
nikidhani taka.
Wadi Kabir, kwa Fundi Bijoy, nikasema:
kama hii. Usiongeze, usipunguze.

Fundi ni mtu mwaminifu; ndio msiba wenyewe.
Alichonga meza mia na nane,
kila moja mguu mmoja mfupi,
milimita sita.

Niligundua Ibra, usiku wa kuamkia ufunguzi.
Nikaweka kikombe, kahawa ikanikimbilia mapajani.
Meza ya pili. Ya tatu.
Ukumbi mzima ukiyumba mbele na nyuma
kama watoto wa chuoni wanaohifadhi.
Nikapiga simu. "Kama ile, madamu,"
akanijibu kwa Kiarabu chake cha karakana,
"nilipima mara mbili."

Ndipo nikakijua nilichokipiga teke:
boksi la chai, limekunjwa mara nne,
lilikaa chini ya mguu ule
tangu mwanawe wa mwisho yu tumboni.
Na mie niliyepima hata umbali
wa kichupa cha chumvi na cha pilipili!

Asubuhi Bi Shinuna akateremka garini, mkono kiunoni.
Nembo hakuitazama, kijani hakukisema.
Alikaa. Meza ikayumba.
Akafungua mkoba, akatoa risiti ya petroli,
akaikunja, akaikunja tena,
akainama mwenyewe na magoti yake mabovu.
"Haya. Leteni chai."

Nimepewa wiki mbili nisawazishe miguu.
Barua ya ukali kwa fundi nimeiandika, nimeifuta.
Usiku huu nimefungua faili,
ukurasa wa tisini na tatu, mweupe,
nikaandika: Boksi la chai. Kunja mara nne.
Hapo nimekwama,
maana wanawe wataniuliza
chai ya chapa gani.