Ukaguzi

Eilert ameliinua gari, ananiita nisimame chini yake.
Anachoma bisibisi kwenye chasisi, nyuma, upande wa kulia,
nayo bisibisi inazama kama kwenye mkate.
"Chumvi," anasema. Haongezi neno.
Baridi ishirini na mbili tumeimwagia barabara chumvi,
na barabara imeturudishia yote.

Kilomita laki nne na themanini na saba elfu.
Ningekuwa nimeizunguka dunia mara kumi na mbili,
nami sikwenda popote:
Vardø hadi Kirkenes kwa daktari wa macho,
Vardø hadi Vadsø kwa daktari wa macho,
mara moja Kautokeino, arusi ya mpwa,
tukarudi na nyama ya kulungu wa barafu hadi miguuni petu.

Kuchomelea: krona sitini na mbili elfu.
Likiuzwa leo, likiwa limeoshwa: kumi na tano.
Nimeandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
kushoto Libaki, kulia Liende.
Kulia kumejaa hadi ukingoni: turbo, klachi, kutu,
plagi moja isiyopata moto,
mlango unaofunguka kwa ndani tu.
Kushoto niliandika: kiti chake hupata joto upesi.
Nikafuta. Ni uongo tangu mwaka juzi.

Synnøve hupiga simu kutoka Tromsø.
"Mama, nchi nzima imeshahama dizeli,
umebaki wewe na meli."
Ana haki. Moshi huo nauona kila asubuhi,
mweusi juu ya theluji ya jirani,
na jirani, mtu wa adabu, hutazama pembeni.

Jumanne tuliazima gari la umeme, jeupe,
lenye kioo kikubwa kuliko televisheni yetu.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga wamesema.
Cha kale je, ambacho kila kidonda chake nakijua kwa jina?
Torgeir alikaa kando yangu, mikono juu ya magoti.
Macho yake yamebakiza mwanga tu,
kama dirisha lililoganda.

Tukaingia handakini, lile lipitalo chini ya bahari.

Sasa, gari letu huteremka likinguruma kooni,
huko chini kabisa hupumua mara moja,
kisha huanza kupanda kwa gia ya tatu, likikohoa,
na papo hapo Torgeir husema, "Chini."
Miaka sita hivi. Hajakosea hata siku moja.
Ndiyo kazi aliyobakiwa nayo garini,
na huifanya kwa sauti ya nahodha.

Siku ile hakusema.
Nilimsubiri. Nikapunguza mwendo, nikamsubiri.
Taa za ukutani zilipita, moja, moja, bila mlio.
Tukatoka nje, upepo ukalipiga gari ubavuni,
ndipo akageuza uso, akauliza,
"Tumeshaingia?"

Usiku, kikombe cha kahawa mkononi, alisema mwenyewe:
"Uza, Oddlaug. Nitazoea."
Akakitafuta kisahani mezani kwa kidole kidogo,
akakipata, akatua kikombe.
Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Eilert anajifuta mikono. "Kwa hiyo?"
Namwuliza kama anaweza kuchomelea upande mmoja kwanza.
Anacheka hadi anashika ukuta.
Chasisi, anasema, si soksi.
Nje, upepo unakokota theluji juu ya lami,
na funguo imechora alama nyekundu kiganjani mwangu.

"Chomelea," nasema. "Na ile plagi."
"Utapata miaka miwili. Labda."
"Miwili inatosha," nasema,
wala simwambii inamtosha nani.

Synnøve nitampigia Jumapili.
Au Jumapili ijayo.