Namba Nne

Kila Jumamosi ya pili alikuja Murhula,
akaketi kwenye kiti changu kilichochanika ngozi,
akatamka lilelile kabla sijamfunga shuka:
namba nne, fundi, na nyuma usishuke zaidi.

Mbele palikuwa na shamba jipya.
Nywele zimesimama kwa matuta, kama miche ya kabichi kule Kabare.
Alizifuata Uturuki kwa pesa ya kiwanja cha Panzi,
akarudi na kofia ya sufu, akajifungia miezi miwili.
Mkewe aliwaambia majirani ni malaria.

Wanasema akupaye kisogo si mwenzako.
Mimi Kadutu nzima hunipa kisogo, ndiyo riziki yangu,
na vidole vyangu vilikijua cha Murhula kabla ya macho:
chini ya namba nne, kitu kama kamba iliyozama,
kutoka sikio hadi sikio.
Walikopa nyuma, wakapanda mbele.
Deni wakaliacha palepale, limeshonwa.
Sikuuliza. Kinyozi mwenye maswali hunyoa viti vitupu.

Halafu Novemba, mvua ya siku nne, Mama Nsimire akafariki.
Nikaitwa matangani na wembe, sabuni, ndoo.
Wana watano kwenye benchi chini ya shitingi,
na mila haijui namba.
Murhula, kifungua mimba, akawa wa kwanza.
Alinitazama mara moja tu.
Nyoa, akasema.

Zilianguka za bei na za bure
kwenye tope lilelile;
mimi niliyezitunza miaka mitatu sikuweza kuzitofautisha.
Na mshono ukatoka.
Mpana kama kidole, mweupe, unang'aa kwa povu,
umepinda karibu na sikio la kulia,
pale daktari labda alipokuwa na haraka.

Mtoto akaanza, "Nani alimka..." akafinywa.
Kisha shangazi yake, Cibalonza, mwenye alama yake begani
(hapa hatuulizi alama ilitoka usiku gani),
akainuka, akapitisha mkono juu ya ule mshono
polepole, kama mtu asomaye barua kwa kidole.
"Baba, walikukata namna hii ukanyamaza?
Mama yako amekwenda bila kujua?"
Wanawake wakaanza kulia upya.

Nilisubiri aseme.
Niliuona mshipa wa shingo yake ukipanda, ukishuka.
Hakusema.
Nami nilikuwa na wembe mkononi, na ukweli,
nikasuuza wembe.

Januari akarudi. Zimeota kidogo, kama vumbi la makaa.
"Wananisalimu kwa mikono miwili," akakiambia kioo.
"Kanisani wamenisogeza benchi ya mbele.
Fundi, nimepewa vita ambavyo sikuwamo."
"Namba ngapi?" nikauliza,
maana ndilo swali ninaloruhusiwa.
"Anza tu. Nitakwambia pa kusimama."

Nikaanza shingoni, nikapanda.
Mashine ilipogusa ukingo wa mshono
umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna.
Tukabaki hivyo, yeye na shuka shingoni,
mimi na mashine inayopoa,
mlango wazi, watu wakipita.