Pesa ya Mizani

Kaja Kombo Faki na leso,
mafundo matatu, na ndani ya fundo la mwisho pesa moja,
shaba iliyoshika ukijani.
"Imekosewa kiwandani," kanambia. "Tazama,
mizani ina kitanga kimoja."
Ameshasikia kuwa kosa lina bei.
Kaipata Mtambwe, akichimba shimo la choo,
na tayari, machoni mwake, choo kina mabati na taa.

Nabana lenzi ya saa jichoni.
Wete nzima inatoweka, honi, redio ya kinyozi,
inabaki shaba peke yake, kubwa kama uwanja.

Sikiliza, Kombo. Shaba haisemi uongo,
ila husema polepole.
Muhuri ukipasuka, ufa wake kwenye pesa hutuna,
mshipa, si mfereji.
Pesa ikipigwa upande, maandishi hukatika ukingoni
na upande wa pili hubaki tambarare, haujawahi kuguswa.
Na ikitoka na pengo, tazama ng'ambo ya pengo:
ukingo wa huko nao hufifia,
kama pacha aliyesikia maumivu ya mwenzake.

Yako haina hayo.
Palipokuwa na kitanga pana tundu.
Shaba haikupungua, ilisukumwa;
imejikunja kwa nyuma, imefanya mdomo,
kama donge la unga lililochomwa kidole.
Msumari huu. Na nyundo.
Vipigo vitatu, na cha kwanza kiliteleza.

Kanyamaza. Kautazama mkono wangu wa kushoto,
vidole vinne,
kama wautazamavyo wateja wote wakidhani siwaoni.
"Na huo?"
"Huu wa kiwandani."
Tukacheka, yeye akachelewa kidogo.

"Basi haina bei."
"Ina bei ya shaba."
Kaigeuza, kaigeuza tena.
"Nani kaigonga?"

Nilikwisha vua lenzi. Nikairudisha.
Juu ya tundu, ndani kabisa, pana pahali pamelainika,
kifereji chembamba kuliko ukucha.
"Uzi," nikamwambia. "Ulipita hapa miaka mingi.
Ilivaliwa."
"Na nani?"
Lenzi yangu haifiki huko.

Kaomba uzi. Nikamkatia shubiri mbili, mweusi.
"Ongeza," kasema. Nikaongeza.
Hakusema ni wa shingo ya nani.
Choo, kanambia akiwa mlangoni,
kitangoja karafuu.